Kisanduku cha lugha hakipimi utamaduni wa mwanafunzi mhamiaji

KATIKA hojaji nyingi zinazochunguza afya ya wanafunzi kutoka familia za wahamiaji, kuna swali fupi ambalo ni nadra kulikosa: Nyumbani mnazungumza lugha gani? Mwanafunzi anatia alama kwenye kisanduku, karatasi zinakusanywa, kompyuta inapiga hesabu. Baadaye tunasoma katika majarida ya kitaaluma kwamba wanafunzi waliozoea zaidi utamaduni wa nchi waliyohamia ndio wanaovuta sigara, kunywa pombe na kuanza ngono mapema kuliko wenzao ambao bado hawajazoea. Ukiuliza watafiti walijuaje nani amezoea na nani hajazoea, mara nyingi utarudishwa kwenye kile kile kisanduku cha lugha.

Mimi si daktari wala mwanasaikolojia. Uwanja wangu ni isimujamii, na ni kwa jicho hilo ninapotaka kulihakiki swali hili leo. Hoja yangu ni kwamba lugha ya nyumbani haiwezi kubebeshwa mzigo wa kupima utamaduni wa mtoto, sembuse kueleza kwa nini anavuta sigara. Tunapoibebesha mzigo huo, tunamlaumu mtoto na mzazi wake kwa mambo ambayo chanzo chake kiko kwingine kabisa.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wapenzi wa Kiswahili? Kwa sababu lugha yetu imo ndani yake. Tangu miaka ya 2010, Marekani imepokea makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi wao waliishi kwanza katika kambi za kanda yetu: Nyarugusu kule Kigoma, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, na Kakuma hapa kwetu. Leo watoto wao wamo katika madarasa ya Louisville na Lexington jimboni Kentucky, na katika miji mingine mingi. Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha ambazo shule hizo hulazimika kutafutia wakalimani. Barua za shule, fomu za kliniki na maswali ya afya hutafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kosa likifanyika humo, linafanyika kwa maneno yetu.

Tuanze na kipimo chenyewe. Mwaka 1936, wanaanthropolojia watatu wa Marekani, Robert Redfield, Ralph Linton na Melville Herskovits, walichapisha waraka mfupi kuhusu mabadiliko yanayotokea pale makundi ya watu wenye tamaduni tofauti yanapokutana na kuishi kwa kugusana moja kwa moja, kwa muda mrefu. Walisema wazi kwamba mabadiliko hayo yanaweza kuonekana upande mmoja au pande zote mbili. Zingatia hapo, msomaji: walizungumzia makundi, na walizungumzia pande mbili.

Dhana hiyo ilipohamia katika saikolojia na afya ya jamii ilipungua kimo. Ikawa sifa ya mtu mmoja mmoja, na ikawa inapimwa upande mmoja tu, wa mhamiaji. Mnamo 1987 Gerardo Marín na wenzake walichapisha kipimo kifupi kwa ajili ya Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kina maswali 12. Matano ni ya lugha unayotumia kusoma, kuzungumza na hata kuwazia. Matatu ni ya lugha ya redio na televisheni. Manne yaliyobaki ni ya marafiki na watu unaopenda kujumuika nao. Ukijumlisha, maswali manane kati ya 12 ni ya lugha. Kipimo kilipendwa kwa kuwa ni kifupi na hujibiwa upesi. Watafiti wengine wakaenda mbele zaidi, wakaona hata hayo 12 ni mengi, wakabaki na moja: lugha ya nyumbani.

Sasa tuangalie kile kinachodaiwa kugunduliwa. Mwaka 1998, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani pamoja na Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo walitoa ripoti kubwa kuhusu watoto wa familia za wahamiaji. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba katika mambo kadhaa watoto hao walikuwa na afya bora na walijiingiza kwa nadra zaidi katika mambo ya hatari kuliko watoto wa wazazi waliozaliwa Marekani, ijapokuwa nyingi za familia zao zilikuwa maskini. Lakini kadiri miaka ya kukaa huko ilivyoongezeka, na kizazi kikafuata kizazi, ndivyo nafuu hiyo ilivyopungua. Wasomi huliita jambo hili fumbo la wahamiaji, na ni fumbo kweli. Tungetarajia kwamba kadiri familia inavyotulia ndivyo watoto wanavyozidi kuwa salama.

Tatizo langu ni jinsi fumbo hili linavyoteguliwa kwa pupa. Eti mtoto amepoteza lugha, basi amepoteza utamaduni. Utamaduni ulikuwa kinga, kinga imeondoka, mtoto ameharibika. Mnyororo huu unavutia, hasa kwetu sisi tunaopenda lugha za Kiafrika, kwa sababu unatupa sifa. Nani hapendi kuambiwa kwamba Kiswahili ni dawa ya bangi?

Lakini hebu tuutazame kwa makini. Mtoto anapokaa Marekani miaka kumi, Kiingereza chake huongezeka. Katika miaka hiyo hiyo kumi, umri wake pia huongezeka, na sote tunajua kwamba kijana wa miaka 17 ana vishawishi ambavyo mtoto wa miaka saba hana. Huenda familia imehamia mtaa wenye kodi nafuu ambako duka la pombe liko karibu kuliko uwanja wa michezo. Mama na baba wanafanya kazi za zamu, mmoja akiingia wakati mwingine anatoka. Mtoto ametukanwa kwa rangi yake mara kadhaa na ameanza kuelewa kwamba hakukosea kusikia. Yote haya hupanda pamoja na Kiingereza. Kisanduku cha lugha hupima muda kama vile mvi zinavyopima umri. Hakuna anayedai kwamba mvi ndizo zinazoleta maumivu ya magoti.

Si mimi wa kwanza kulalamika. Mwaka 2004 Linda Hunt na wenzake wawili walipitia tafiti za afya zilizotumia dhana hii kwa Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Waliona kwamba mara nyingi dhana yenyewe haielezwi maana, na kwamba pengo hilo huzibwa kwa fikra za kijumla kuhusu makabila na watu. Wakauliza kama kweli inafaa kuendelea kutumiwa katika utafiti wa afya. Hata hivyo, wao ni wanaanthropolojia. Sisi wa lugha tuna neno la kuongeza, kwa sababu kiungo kinacholegea katika mnyororo huu ni kiungo cha lugha.

Alejandro Portes na Rubén Rumbaut, waliofuatilia wanafunzi zaidi ya 5,000 wa Miami na San Diego kuanzia 1992, wanatusaidia kuuona ulegevu huo. Kwao, jambo la kuangaliwa ni mwendo wa mzazi na mtoto kwa pamoja. Mtoto akikimbilia Kiingereza na kuiacha lugha ya wazazi wakati wazazi hawajakijua Kiingereza, nyumba hukosa lugha ya kukanyia, kubembelezea na kufundishia. Mamlaka ya mzazi huyeyuka. Mtoto anayemiliki lugha zote mbili huwa katika hali tofauti: anaendelea shuleni na bado anasikilizana na wakubwa wake. Kwa hiyo kinachohesabika ni kama mzazi na mtoto wana lugha ya kutosha kuzungumzia jambo zito. Kisanduku hakiulizi hilo. Kinauliza lugha gani. Hakiulizi kiasi gani, na nani, wala kuhusu nini.

Tumfikirie msichana wa miaka 15 katika shule ya upili mjini Louisville. Wazazi wake ni Wabembe kutoka Fizi, Kivu Kusini. Yeye alizaliwa Nyarugusu. Nyanya yake humsemesha Kibembe, naye humjibu kwa Kiswahili. Kambini alisoma kwa mtaala wa Kongo, kwa hiyo ana Kifaransa cha darasani. Kutokana na majirani zake wa kambini amebaki na Kirundi cha kuamkiana na kutaniana. Sasa huzungumza Kiingereza shuleni, na wakiwa chumbani na wadogo zake huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, nao huelewana vizuri tu. Mpe kalamu, mwambie aweke alama kwenye kisanduku kimoja.

Akiweka kwenye Kiswahili, kompyuta itamsoma kama mtoto aliyeshikilia utamaduni wake wa asili. Lakini kwa nyanya yake, Kiswahili ndicho kilichokimeza Kibembe ndani ya nyumba ile. Kwa macho ya bibi huyo, mjukuu alizoea ya wengine zamani sana, kabla hajaiona Marekani, na alizoea huku huku Afrika Mashariki, ndani ya kambi. Kipimo kinachodhani kwamba kila mhamiaji ana lugha moja ya zamani na lugha moja mpya kiliundwa kwa safari ya hatua moja: kutoka hapa, kufika pale. Safari ya wakimbizi wa Maziwa Makuu ina vituo vingi, na katika kila kituo lugha iliokotwa au ilidondoka. Kiswahili katika safari hiyo ni lugha ya kituoni. Kukiita lugha ya asili ya kila aliyekizungumza ni kufuta nusu ya historia yake.

Hapa ndipo sarufi yetu inapoweza kuwafaa watafiti hata zaidi ya tafsiri. Mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, anajulikana kwa kueleza njia nne ambazo mhamiaji anaweza kufuata. Katika Kiswahili tunaweza kuziita kumezwa, kutangamana, kujitenga na kutengwa. Ziangalie kauli za vitenzi hivyo. Kumezwa kuna kiambishi cha kutendwa: lazima pawe na mmezaji. Kutangamana kuna dhana ya kutendana: huwezi kutangamana peke yako, na asiyepata wa kutangamana naye atabaki mlangoni. Kujitenga kuna -ji- ya kirejeshi: mtenda ndiye mtendwa. Kutengwa tena ni kutendwa, na aliyetenga yupo, hata asipotajwa.

Nomino za kitaaluma huficha mtenda. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali. Ukisema mwanafunzi amemezwa, msikilizaji atauliza, amemezwa na nani? Ukisema ametengwa, atauliza, nani kamtenga? Berry mwenyewe, kwa haki yake, amesisitiza kwamba mhamiaji hawezi kutangamana ikiwa jamii inayompokea haiko tayari. Lakini hojaji ya kisanduku humwuliza mtoto peke yake. Haiwaulizi wanafunzi wenzake kama wamewahi kumwalika nyumbani, wala haimwulizi mwalimu kama anaweza kulitamka jina lake. Ile -ji- ya kujitenga inapachikwa mahali ambapo pengine palistahili -w- ya kutengwa. Huo si mchezo wa viambishi. Anayeonekana amejitenga huitiwa mshauri wa kumfunza kuchangamka, ilhali anayejulikana kuwa ametengwa angetetewa.

Tuje sasa kwenye tafsiri ya maswali yenyewe. Tangu 1991, Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa huendesha, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, uchunguzi wa wanafunzi wa shule za upili kuhusu kile ambacho kwa Kiswahili tumezoea kukiita tabia hatarishi. Mambo yanayochunguzwa kwa desturi yamegawanywa katika makundi sita: yanayoleta majeraha na vurugu, tumbaku, pombe na dawa nyingine za kulevya, ngono, ulaji usiofaa, na kutofanya mazoezi. Kutofunga mkanda wa gari kumo. Kutokula mboga kumo.

Je, mzazi anayepata barua kwamba shule itachunguza tabia hatarishi za wanafunzi atafikiria mboga? Katika Kiswahili cha watu, neno tabia lina hukumu ndani yake. Tunasema mtoto huyu ana tabia, tukimsifu kwa adabu. Tunasema yule hana tabia, na kila mtu anajua tumemwambiaje. Tukiongeza hatarishi, tumemwandikia mama kwamba mwanawe ni mtovu wa adabu na tena ni hatari. Mama atakuja shuleni akiwa na kilemba chake cha Jumapili, atauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mtoto wangu amefanya nini?" Na akirudi nyumbani atamwambia mtoto ajibu vizuri, yaani ajibu hapana kila mahali. Kisha tutashangaa kwamba watoto wanaojibu kwa Kiswahili hawana dosari yoyote! Sehemu ya lile fumbo la wahamiaji inaweza kuwa hapo: si kwamba wote hawatendi, bali baadhi yao hawasemi.

Chukua pombe. Hojaji hiyo ya Marekani hueleza kwamba kuonja divai kidogo kwa sababu za kidini hakuhesabiwi kuwa kunywa. Ni jambo la busara. Lakini tazama busara hiyo imewafikia nani. Mtoto aliyeonja divai kanisani amesamehewa, wakati mtoto aliyepewa na babu yake funda la kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye sherehe ya ukoo lazima ajihesabu miongoni mwa wanywaji. Utamaduni mmoja umejiwekea kibali ndani ya hojaji, halafu hojaji hiyo hiyo inatumika kupima utamaduni wa wengine. Na tukumbuke kwamba kwa Kiswahili kitenzi kunywa, kikisimama peke yake, tayari ni pombe. "Unakunywa?" si swali la maji. Mfasiri asiyelijua hilo ataandika swali la juisi, na kijana atalijibu kama swali la pombe.

Chukua pia neno jamaa. Kwetu Kenya, jamaa ni mtu wa ukoo au, mitaani, mwanamume yeyote: "kuna jamaa alikuja hapa jana." Katika Kiswahili cha Kongo, jamaa ni familia. Ndiyo maana vuguvugu la Kikatoliki lililoanzishwa na padre Placide Tempels huko Katanga liliitwa Jamaa. Mkenya akitafsiri hojaji kwa ajili ya Wakongomani na kuandika jamii pale anapokusudia familia, au jamaa pale anapokusudia ndugu wa mbali, maswali kuhusu nani anamlea mtoto yatajibiwa kwa maana nyingine kabisa. Kiswahili sanifu hakiondoi tatizo hili. Wakati mwingine hulifunika tu.

Na huzuni je? Wanafunzi huulizwa kama waliwahi kuwa na huzuni au kukosa matumaini karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hadi wakaacha shughuli zao za kawaida. Mfasiri wa haraka ataandika kukata tamaa. Kwa mtoto aliyelelewa katika nyumba ya sala, ya Kiislamu au ya Kikristo, kukiri kwamba amekata tamaa ni karibu na kukiri kwamba amemwacha Mungu. Atajibu hapana. Lakini mwulize kama ana mawazo, kama mawazo yamemzidi hata halali, uone kama hatazungumza. Kwa watu wengi wanaozungumza Kiswahili, ugonjwa wa moyo ulioelemewa huitwa mawazo, na haumo kwenye kamusi kwa maana hiyo ya kliniki.

Watetezi watasema kwamba tafsiri hukaguliwa. Ni kweli. Tangu Richard Brislin aandike kuihusu mwaka 1970, njia ya kutafsiri na kisha kurudisha tafsiri katika lugha ya kwanza imekuwa desturi. Lakini njia hii hukagua maneno, haikagui masikio. Tabia hatarishi ikirudishwa katika Kiingereza itarudi kama ilivyotoka, safi, bila doa, na mkaguzi atatia tiki. Kukata tamaa pia kutarudi salama. Kilichobadilika njiani ni aibu iliyoongezeka, na aibu haionekani katika tafsiri iliyorudishwa.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Fomu ya ridhaa inayopelekwa kwa mzazi hubebwa na mtoto. Mzazi asiyejua Kiingereza, na pengine asiyezoea kusoma hata hicho Kiswahili sanifu cha barua, humwambia mtoto amsomee. Mtoto anayetaka kuchunguzwa ndiye mkalimani wa ombi la kumchunguza. Kliniki nako hali ni hiyo hiyo: hebu fikiria muuguzi akimwomba kijana amwulize mamake kama kijana huyo huyo huvuta bangi! Mwaka 2016 kanuni za afya za Marekani zilikataza watoa huduma kuwategemea watoto kama wakalimani, isipokuwa katika dharura. Kanuni ni nzuri, lakini mkalimani wa Kiswahili anayeelewa Kiswahili cha Fizi hapatikani kila kona, na kwa hiyo mtoto huendelea kusimama katikati. Katika hesabu ya kisanduku, mtoto huyu atahesabiwa kuwa anazungumza Kiswahili nyumbani, kwa hiyo amekingwa. Mzigo anaoubeba kila siku kwa sababu ya Kiswahili hicho hicho hauna safu yake kwenye jedwali.

Sitaki kuwaonea watafiti. Wana dakika chache za asubuhi darasani, wana bajeti ndogo, na swali la lugha halina gharama. Pia lina manufaa yake halali: shule inahitaji kujua ni nani anahitaji mkalimani. Kwa kazi hiyo, kisanduku kinatosha. Ubaya huanza pale alama iliyowekwa kwa ajili ya kutafuta mkalimani inapogeuzwa kuwa sababu ya ulevi. Na sababu ikikosewa, tiba nayo hukosewa. Tukiamini kwamba tatizo ni kupotea kwa utamaduni, fedha zitaenda kwenye semina za kuwafunza wazazi ulezi, na mtaa usio na uwanja utabaki bila uwanja. Shule itabaki bila mshauri hata mmoja anayeweza kusikia neno mawazo na kuelewa kwamba mtoto anaomba msaada.

Tusidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Kenya ilishiriki mwaka 2003 katika uchunguzi wa afya ya wanafunzi unaoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, na bila shaka tutaendelea kuulizana maswali ya namna hii. Tukiweka swali la lugha ya nyumbani katika shule za Eastleigh, mtoto anayeandika Kisomali atasomwa kama mhamiaji, ilhali huenda ni Mkenya ambaye babu yake pia alikuwa Mkenya. Kule Kakuma, msichana kutoka Sudan Kusini aliyejifunza Kiswahili kwa walimu wa Kenya ataonekana amezoea, ilhali kila jioni anarudi kambini, mahali ambapo hawezi kuhamahama apendavyo. Lugha yake imetangamana, yeye hajaruhusiwa.

Tena sisi tuna hojaji yetu isiyoandikwa. Mwalimu akimsikia mwanafunzi akibonga Sheng, mara nyingi huwa ameshamjazia majibu: huyu anavuta, huyu anatoroka darasa. Kizazi cha nyuma kilivalishwa monto shingoni kwa kuzungumza lugha ya mama, eti lugha hiyo ilikuwa dalili ya kubaki nyuma. Sasa kijana wa Kayole au Mathare anashukiwa kwa sababu anazungumza lugha ambayo si ya mama. Jana lugha ya nyumbani ilikuwa kosa, leo kutokuwa nayo ni kosa. Kilichobaki bila kubadilika ni mazoea ya kutazama mdomo wa mtoto tukitafuta makosa ambayo yako katika mazingira yake.

Kwa hiyo nashauri nini? Kwanza, swali la lugha ya nyumbani livunjwe. Joshua Fishman alitufundisha tangu 1965 kuuliza nani anazungumza lugha gani, na nani, na wakati gani. Mwanafunzi aulizwe anatumia lugha gani na mamake, na nyanya yake, na wadogo zake. Na aulizwe kama katika lugha hiyo anaweza kumweleza mamake kwamba ameogopa au ameumizwa. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko yote. Pili, ikiwa mtafiti anataka kujua kuhusu umaskini, mtaa, ubaguzi na miaka ya kukaa nchini, aulize hayo yenyewe, asijifiche nyuma ya lugha.

Tatu, tafsiri zipimwe kwa masikio ya wenye lugha. Keti na mama watano kutoka Kivu, wasomee swali, kisha waombe wakueleze kwa maneno yao wameulizwa nini. Utajua katika nusu saa kile ambacho tafsiri ya kurudishwa haitakuonyesha kamwe. Badala ya tabia hatarishi, tungeweza kuandika mambo yanayoweza kudhuru afya ya kijana. Ni maneno mengi zaidi, lakini hayamtukani mtu.

Nne, idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zione kazi hii kuwa yao. Tumezoea kusherehekea kwamba Kiswahili kinafundishwa Marekani na Ulaya na kwamba kina siku yake ya kimataifa, tarehe 7 Julai. Ni vyema. Lakini Kiswahili hakikufika Kentucky kwa ndege ya maprofesa pekee. Kilifika pia na watoto waliotoka kambini, wakiwa na lugha nne vinywani na kisanduku kimoja cha kuzijaza. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu ana kazi hapa: azikusanye hojaji za afya zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, azihakiki neno kwa neno kama tunavyohakiki riwaya, na awapelekee walioziandika. Kuna mtoto anayesubiri kuulizwa swali ambalo anaweza kulijibu bila kujiaibisha na bila kumwaibisha mamake.